Hicho Kiti Tupu Nishakilipia

Leo nina maneno na watu wawili. Wa kwanza ni hawa mainfluensa wanaotuambia tunaweza kuvuka bahari ya Atlantiki kwa pesa ya kununua simu. Wa pili ni wenye matatu za Kitale na Bungoma. Unaweza kudhani hawa watu hawajuani, lakini biashara yao ni moja: wote wanauza safari ya chombo ambacho lazima kirudi kilikotoka. Tofauti ni kwamba mwenye meli akiona vyumba vitabaki tupu, anakupunguzia bei. Mwenye matatu akiona viti vitabaki tupu, anakuongezea.

Tuanze na meli, ndio nikifika steji tuelewane.

Video umeziona. Jamaa na begi moja, amesimama juu ya meli kubwa kuliko soko la Kimilili, anasema amekaa baharini siku 14, amekula hadi amechoka, na amelipa pesa kidogo kuliko kodi ya nyumba yake ya mwezi mmoja. Hapo chini wasee wetu wamejaa: "Linki iko wapi?"

Hii stori si uongo, na si uchawi pia. Meli za kitalii hufuata jua vile wafugaji wa Pokot hufuata majani. Kule kwao kukiwa na baridi, meli ziko Karibiani, zikitoka Miami na Fort Lauderdale. Ikifika Aprili na Mei, nyingi zinahamia Ulaya kwa msimu wa joto: Barcelona, Southampton, bandari za Italia. Oktoba na Novemba zinarudi. Zile za Alaska nazo zikimaliza msimu zinashuka kusini, nyingine zinaenda mpaka Hawaii na Australia. Meli lazima ihame. Mabaharia wanalipwa hata kama hakuna abiria, mafuta yanachomeka, jikoni kunapikwa. Chumba kikienda tupu, mwenye meli hajaokoa chochote cha maana. Kwa hivyo anakiuza rahisi, kwa wale wasiojali kukaa siku sita au saba bila kuona nchi kavu.

Na kuzipata si kazi. Unatafuta safari ya kwenda tu, isiyorudi ilikoanzia, katika hiyo miezi ya kuhama. Unagawanya bei kwa idadi ya usiku, si kuangalia bei ya juu juu. Unachukua chumba cha ndani kisicho na dirisha. Basi, hiyo ndiyo siri yote wanayotaka ufuate ukurasa wao mwezi mzima ndio wakuambie.

Shida yangu nao ni hesabu wanayoiacha nje. Tuseme tangazo linasema dola 600. Hiyo ni bei ya mtu mmoja ndani ya chumba cha watu wawili. Ukienda peke yako, mara nyingi unalipia na yule mwenzako ambaye hayuko, karibu dola 1,200. Bakshishi ya wafanyakazi inahesabiwa kila siku. Weka dola 16 mara siku 14, hiyo ni 224. Sasa ingiza pasipoti yetu. Viza ya kutembelea Marekani ni dola 185 tangu katikati ya 2023. Viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, kama dola 100 hivi. Zote mbili unazihitaji, kwa sababu meli inaanzia upande mmoja na kuishia upande mwingine. Ikiishia Southampton, hiyo ni viza ya Uingereza, ofisi nyingine na foleni nyingine. Na ukinyimwa, pesa ya maombi hairudi.

Jumlisha: 1,709. Kwa shilingi 130 kila dola, umepita laki mbili na elfu ishirini. Na bado hujanunua ndege ya kukupeleka Miami, wala ya kukurudisha kutoka Barcelona. Na hatujataja nauli ya kutoka Kitale kwenda Nairobi kuhojiwa.

Mzungu wa kwenye video halipii hayo. Pasipoti yake inampitisha bandari zote hizo bila kupanga foleni ya viza ubalozini. Ni haki yake, simwonei wivu. Lakini Mkenya anayechukua ile video, anaitafsiri, anaweka muziki, halafu anasema "hata wewe unaweza" bila kutaja hata viza moja, huyo anakuuzia ndoto ya mtu mwingine. Nasema wazi: kama unatengeneza video za safari rahisi kwa Wakenya na huweki bei kamili kwa shilingi, kutoka mlangoni hadi mlangoni, hiyo si elimu. Unatafuta watazamaji tu.

Haya. Lakini kanuni yenyewe ni nzuri, na hatuhitaji Atlantiki kuitumia. Chombo kinachorudi tupu tuko nacho hapa nyumbani kila Desemba. Na hapo ndipo mwenye matatu anaingia.

Kila mtu anayetoka huku kwetu anaijua Desemba. Kuanzia tarehe 20, Machakos Bus na River Road zinajaa watu wanaoenda ocha. Nauli ya kawaida ya thao na soo kadhaa inaruka thao mbili, mbili na nusu, mwaka mbaya thao tatu. Ukiuliza kwa nini, kila kange nchi hii ana jibu moja, kama wamefundishwa darasa moja: "Gari inarudi tupu, boss." Yaani wewe unayepanda kwenda Bungoma unalipia kwenda kwako na kurudi kwa gari.

Tumpe haki yake kwanza. Gari likishusha watu Kanduyi tarehe 23 haliwezi kulala hapo likingoja Januari. Lazima lirudi Nairobi haraka kubeba wengine. Kilomita kama mia nne, mafuta ni yale yale, dereva analipwa, na barabarani kuna gharama ambazo sote tunazijua na hakuna risiti yake. Hakuna ofisi ya serikali inayopanga nauli za matatu, kwa hivyo havunji sheria kwa kupandisha tu. Nakubali yote. Sitaki mwenye gari apate hasara ndio mimi nikale kuku ocha.

Lakini hebu tupige hesabu pamoja, polepole. Tuseme ni gari la abiria 14 na nauli ya kawaida ni 1,300. Siku ya kawaida likijaa kwenda na kujaa kurudi linaingiza 18,200 mara mbili, yaani 36,400. Sasa Desemba nauli ni 2,500. Abiria 14 wa kwenda tu ni 35,000. Unaona? Safari ya upande mmoja imeleta karibu pesa yote ya pande mbili. Gari bado liko Kanduyi, halijawasha injini kurudi, na safari ya kurudi imeshalipwa. Nani amelipa? Mimi, wewe, na yule mama aliyekaa nyuma na watoto wawili kwa mapaja.

Basi swali langu ni dogo sana. Kama kiti cha kurudi nishakilipia mimi, kwa nini mtu anayepanda Kitale kwenda Nairobi siku hiyo hiyo anaambiwa 1,300 tena? Kiti kimoja kimeuzwa mara mbili. Na kama kweli kinarudi tupu vile mnasema, si afadhali mkiuze soo tano? Abiria kumi kwa soo tano ni elfu tano ambayo haikuwa kwa hesabu yenu kabisa. Mwenye meli angeichukua hiyo pesa bila kufikiria mara mbili.

Najua mtaniambia nini. "Lakini hiyo bei iko, ukiongea vizuri." Ndio, iko, na hapo ndipo hasira yangu iko. Punguzo liko, lakini ni la siri. Mtu anayejua kange analipa soo tano. Mtu mwenye sauti nzito na haraka kidogo analipa soo saba. Msichana wa chuo aliye na sanduku kubwa na hajui mtu hapo steji analipa bei kamili, na mama mzee aliyetoka Chwele na kuku wawili analipa bei kamili na ya kuku juu. Mwaka mmoja nilipanda gari la kwenda Nairobi mkesha wa Krismasi, tukiwa abiria watano gari zima. Tulipofika Nakuru tukaanza kuulizana. Watu watano, nauli nne tofauti. Aliyelipa nyingi zaidi ndiye aliyeonekana kuwa na kidogo zaidi. Hiyo si biashara huria. Ni kuuza kwa kuangalia sura.

Wengine wanasema hakuna mtu anayetaka kwenda Nairobi Desemba, kwa hivyo hata bei ikiwa chini hakuna atakayepanda. Uongo. Wanafunzi wa Kibabii na wa Kitale National Polytechnic ambao nyumbani kwao ni Nairobi, Machakos au Mombasa, hao wanaenda upande gani? Wale vijana wanaoshuka mjini kutafuta vibarua vya sikukuu? Wanaopeleka kuku, mayai na parachichi kwa sababu wiki hiyo mji unalipa vizuri? Watu wako. Hawapandi kwa sababu hakuna mahali bei imeandikwa, na hakuna maskini anayefunga safari akitegemea huruma ya kange.

Halafu kuna kitu tungeweza kufanya sisi wenyewe, na najua hapa nitatukanwa. Krismasi ya kinyume. Familia ya watu wanne inayoishi Nairobi, ikienda Bungoma kwa 2,500 kila mtu ni elfu kumi. Januari kurudi, magari ya kushuka Nairobi yamejaa watu wa shule na kazi, bei iko juu tena, elfu kumi nyingine. Elfu ishirini, na hujanunua hata sukari ya kupeleka nyumbani. Sasa geuza. Guka na kukhu washuke Nairobi tarehe 22, gari likiwa linarudi tupu, soo tano kila mmoja. Warudi wiki ya kwanza ya Januari, wakati magari ya kupanda huku ndiyo matupu, soo tano tena. Elfu mbili jumla. Umebaki na elfu kumi na nane. Kwa nyumba nyingi ninazozijua hiyo ni sare, viatu na sehemu ya karo, wiki ile ile ambayo shule zinafunguliwa na wazazi wanaanza kukopa kwa simu.

Najua kukhu hapendi nyumba za ghorofa, na ng'ombe hawajikamui. Najua kuna makaburi ya kutembelewa. Sisemi iwe kila mwaka. Na Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wabukusu wakiwa wanapeleka vijana kutahiri, hapo hakuna mjadala, unaenda nyumbani hata kwa mguu. Lakini mkazo wetu wa kutaka watu wote waende upande mmoja, siku moja, saa moja, ndio unampa mwenye gari nguvu. Mwenye meli anaelewa kwamba abiria anayekubali kwenda kinyume na umati anamsaidia, kwa hivyo anamlipa kwa kumpunguzia. Huku kwetu abiria wa kinyume anamsaidia mwenye gari, halafu anakamuliwa.

Na hii si shida ya abiria pekee. Uwanja wa ndege wa Eldoret, karibu na Kitale kuliko Nairobi, unapokea ndege za mizigo kutoka nje zikiwa zimejaa bidhaa. Zikishusha, nyingi zinaondoka tupu, zinaenda Nairobi kubeba maua na mboga. Malori yanayopita Webuye na Bungoma kwenda Malaba yanapanda na mzigo wa bandari, na mengi yanarudi Mombasa bila mzigo, kwa sababu eneo letu linanunua kutoka nje kuliko linavyouza. Sisi tunalima mahindi, parachichi, maziwa yanatoka kila asubuhi, na vyombo vitupu vinatupita mlangoni. Kiti tupu, lori tupu, ndege tupu. Tungekuwa na mazoea ya kuandika bei ya safari ya kurudi na kuiweka wazi, mkulima wa Kiminini angejua wiki gani mzigo wake unaweza kwenda rahisi. Sasa hivi anayejua ni dalali, na dalali hasemi.

Kwa hivyo sitaki tumalize na malalamiko. Nataka vitu vinne, na hakuna hata kimoja kinachohitaji Bunge.

Kwanza, kila SACCO inayopeleka watu Kitale na Bungoma itangaze nauli za Desemba kabla ya Novemba kuisha, ya kwenda na ya kurudi, kila moja peke yake. Reli inaweza: treni ya Mombasa ilipopanda kutoka 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, tulijua kabla. Tulinung'unika, lakini tulijipanga. Matatu inapandisha ukiwa umeshaweka begi kwa buti.

Pili, kama sababu ya kupandisha ni kurudi tupu, basi aliyelipa hiyo nauli ya juu apewe tiketi ya kwenda na kurudi kwa bei iliyopunguzwa, alipe kwa M-Pesa, apewe siku na kiti. Ama waache kutumia hiyo sababu. Hauwezi kunitoza kiti cha kurudi halafu Januari unitoze tena kama hatujawahi kuonana.

Tatu, kaunti. Katiba ya 2010 iliwapa serikali za kaunti usafiri wa umma wa barabarani, na steji wanazosimamia wao ndio wanakusanya ushuru kila asubuhi bila kukosa. Trans Nzoia na Bungoma ziweke ubao mkubwa kwenye kila steji: nauli ya leo kwenda, nauli ya leo kurudi. Ubao na chaki. Kifungu cha 46 cha Katiba hiyo kinampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu huduma anayonunua. Bei ni habari ya kwanza kabisa. Na SACCO zikikaa chini zikakubaliana bei moja, Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza makubaliano kama hayo, na kuna mamlaka inayolipwa kuifuatilia. Wafanye kazi yao hata wiki mbili za Desemba.

Nne ni sisi. Ukifika steji, uliza bei ya pande zote mbili, kwa sauti, kila mtu asikie. Piga picha ya risiti, na kama hakuna risiti, andika tarehe, saa na ulicholipa. Safari ya tarehe 18 ama 19 ukiweza, badala ya 23. Ukienda kinyume na umati, usilipe bei kamili kwa aibu ya kuonekana hauna. Mwambie kange wazi kwamba hicho kiti kina mtu aliyekilipia jana akitoka Nairobi. Nani alisema ni vibaya kubargain kitu ambacho kimeshalipiwa? Sokoni Kitale unabishana bei ya nyanya za shilingi hamsini hadi muuzaji anacheka. Kwa nini ukifika kwenye nauli ya elfu moja na mia tatu unanyamaza?

Na wewe ndugu yangu wa video za meli, ukipata viza zako zote na ukapanda hiyo meli, nitakupongeza kwa moyo safi. Lakini kabla ya hapo, nifanyie video moja ya dakika moja. Simama steji ya Kitale tarehe 23 Desemba, uliza nauli ya kwenda Nairobi mara tano, ukiwa umevaa nguo tofauti kila mara, na utuambie bei tano ulizopewa. Hiyo nitaitazama mpaka mwisho, na nitaituma kwa kila mtu ninayemjua kutoka Webuye hadi Malaba.